Mbuzi wa Aliyeanguka

Sehemu ya saba

Tulimwacha Kananu ameshika kitasa, na upande wa pili wa mlango mtu anabisha kwa fujo. Najua kuna wasomaji waliokula kiapo kwamba ni polisi. Hakuwa polisi. Heri angekuwa polisi.

Kananu alifungua. Mbele yake alisimama mama wa makamo, leso mbili kiunoni, gunia refu begani na kamba mkononi. Mwisho wa kamba kulikuwa na mbuzi dume mweusi, naye alikuwa akiitafuna kamba hiyohiyo.

"Wewe ndiye Kananu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi ni Ciakuthii. Mama ya Ndambiri. Nimetoka Kiritiri asubuhi."

Kananu alishika fremu ya mlango, akaziba njia.

Kwa wewe uliyeokota gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, ngoja nikupe habari upesi. Kananu ni mtayarishaji wa Kundi la Hatua Ndefu, wachezaji wa ngoma wanaofanyia mazoezi katika ukumbi wa kukodi hapa Kaaga, mjini Meru. Wachezaji hucheza, na yote mengine ni juu ya Kananu. Yeye ndiye hutafuta majukwaa, hubembeleza wafadhili, hufukuzia vibali, huwakatia watu bima, na huhakikisha kila mchezaji amelipwa hata mwezi ambao hakuna aliyewaalika popote. Kabla yake, watu hawa walikuwa wakiitwa kuchezea wanasiasa na kurudishwa nyumbani na soda na mkate. Leo wanalipa kodi ya nyumba kwa kucheza ngoma. Hilo hakuna anayebisha.

Lakini Kananu ana lake moyoni, na limemkaa kooni tangu siku ya Embu.

Ndambiri ndiye aliyekuwa nyota wa kundi. Alicheza kwa miguu ya miti, ile mirefu inayofungwa miguuni mpaka kichwa cha mchezaji kinakaribia dari. Hatua Ndefu wana sheria yao. Mwenye miguu ya miti huchonga yake mwenyewe na huifunga mwenyewe. Mtu mwingine haruhusiwi kuweka mkono. Na kabla ya kupanda, huigonga chini akasikiliza, kwa sababu mti mzima una sauti yake na mti mbovu una yake.

Sheria hiyo Kananu aliijua, na bado akaivunja. Gari la kwenda Embu halikuwa na nafasi ya kubeba miti mirefu, na dereva alikataa kuiacha ichomoze nyuma kwa kuogopa trafiki. Jawahir, binti wa ile familia ya malori hapa mjini, alikuwa ameshasema atawapa lori. Kananu akamjibu, "Asante, tumejipanga." Aliona aibu. Jawahir ndiye aliyekuwa akifikiria kulifadhili kundi, na Kananu hakutaka aonekane mtayarishaji anayeshindwa kusafirisha vijiti.

Basi alifanya nini? Ndambiri alipokuwa ameenda nyumbani, Kananu aliipeleka miti yake kwa fundi, pamoja na ile mingine ya kujifunzia. Ikakatwa kwa msumeno katikati. Kufika Embu ikaunganishwa kwa vipande vya bomba la chuma, ikavishwa ngozi ya mbuzi na kupakwa rangi nyekundu na nyeupe. Ndambiri alipouliza rangi ni ya nini, aliambiwa wageni wanapenda rangi. Alipoinama ili aigonge chini, Kananu akamwambia, "Panda tu, watu wamekaa."

Akapanda. Akaanguka katikati ya wimbo, mbele ya umati, na goti likavunjika.

Wa kwanza kufika alipoanguka alikuwa Kananu. Aliuzoa ule mti uliovunjika, akaufunga kwenye shuka lake, na kesho yake akauchoma. Jioni ile ya kuanguka uvumi ukazuka kwamba Ndambiri alikuwa amekesha akitafuna muguka, yale majani ya kulevya. Aliyeuanzisha hajulikani. Aliyeusikia akanyamaza ndiye huyu amesimama mlangoni.

Sasa turudi hapo mlangoni.

"Karibu, Mama Ndambiri," Kananu alisema, lakini hakusogea. "Anaendeleaje?"

"Goti limekataa kukunjika. Daktari anasema atatembea, lakini kucheza asahau." Ciakuthii alishusha gunia. "Nimeleta miti. Amekata huko kwetu, akaacha hivyo bila kuchonga. Anasema mwenye atachukua nafasi yake achonge mwenyewe, vile sheria yenu inasema."

Kananu aliyatazama magome mabichi yaliyochungulia kwenye mdomo wa gunia. Alitamani ardhi immeze.

"Na mbuzi?"

"Si ni wa aliyeanguka? Yeye mwenyewe anakuja nyuma na magongo, pole pole. Ameniambia nitangulie."

Hiyo nayo ni sheria ya Hatua Ndefu. Mchezaji akiiangusha ngoma kwa kosa lake, huleta mbuzi, husimama mbele ya wenzake, hutaja kosa kwa mdomo wake. Wakimsamehe, mmoja wao hupiga ngoma na mbuzi huenda jikoni. Ngoma ikikaa kimya, mtu huyo huchukua mbuzi wake na kwenda zake moja kwa moja.

Kananu alishusha sauti. "Mama, leo tuko na mgeni mkubwa. Si tufanye hii wiki ijayo? Nitakutumia gari mpaka Kiritiri."

"Mwari wakwa, binti yangu, mbuzi ameshatoka kwa boma. Nitamrudisha nikimwambia nini?"

Kananu alianza kutafuta uongo wa haraka. Kabla hajaupata, sauti ilitoka ndani. "Nani huyo anasimamishwa mlangoni? Aingie, bwana."

Ilikuwa sauti ya Jawahir, na mgeni mkubwa ndiye yeye.

Alikuwa ameketi kwenye meza pekee ya ukumbi, buibui lake jeusi limekunjwa vizuri magotini, mkataba mbele yake. Mkataba wenyewe ni ule ambao Kananu ameuota usiku na mchana. Familia ya Jawahir itawabeba Hatua Ndefu kutoka Meru na Embu mpaka Isiolo na Pwani, na mishahara ya wachezaji wote itakuwa na uhakika kwa miaka. Wazazi wangeacha kuwauliza watoto wao watatafuta kazi lini. Kilichobaki ni sahihi, na jibu la swali moja.

"Karibu mama, keti," Jawahir alisema. Mbuzi naye aliona amekaribishwa. Alinyoosha shingo kuelekea mkataba, na Jawahir akauinua upesi. "Huyu naye ni wa nini?"

"Ni wa kijana yangu," Ciakuthii alisema. "Ndiye alianguka kule Embu. Anakuja kuomba wenzake msamaha."

Wachezaji waliokuwa wakijinyoosha sakafuni waliinuka mmoja mmoja. Muthomi, mwalimu wao wa ngoma, mtu mrefu mwenye maneno machache, alitazama chini.

"Afadhali umekuja," Jawahir alisema. "Hilo ndilo swali lilikuwa limebaki. Babangu hataweka jina letu kwa kitu kinaumiza watu. Alianguka aje?"

Muthomi ndiye alijibu, kwa shingo upande. "Inasemekana ni muguka."

"Kijana yangu hatafuni muguka," Ciakuthii alisema, bila kupandisha sauti. "Hajawahi. Lakini aliniambia hakugonga mti chini kabla ya kupanda. Hiyo ndiyo makosa yake, na hiyo ndiyo tumekuja kulipia."

Ndambiri hakugonga mti kwa sababu Kananu ndiye alimharakisha. Mama wa watu amesafiri na mnyama wake kulipia neno lililotoka kinywani mwa Kananu.

"Mimi hiyo ya kusemekana sitaki," Jawahir alisema. Aligeuka. "Kananu, mtayarishaji ni wewe. Vile utaniambia ndivyo nitamwambia mzee. Ilikuwa makosa ya mtu ama ya vifaa?"

Hapa, msomaji, mwanamke huyu alikuwa na nafasi nzuri kabisa. Aliulizwa waziwazi, na mtu aliyekuwa tayari kusikia. Lakini macho yake yaliwapitia wachezaji. Alimwona Igoki, mjane, anayesomesha watoto kwa kucheza. Alimwona Muthomi, aliyeacha kufundisha shule kwa sababu Kananu alimwambia ngoma italipa. Nikianguka mimi wanaanguka wote, alijiambia. Ni hoja nzuri, na alikuwa ameitumia mara nyingi, hata kitandani akikosa usingizi.

"Ya mtu," alisema.

Ciakuthii aliinamisha kichwa. Jawahir alifungua kalamu.

"Weka sahihi hapa," alisema. "Halafu hapa."

Kananu alichukua kalamu. Aliinamia karatasi. Ndipo aliposikia kutoka upande wa ghala mlio wa mti ukigonga sementi. Tok. Tok. Tok.

Mlango wa ghala ulisukumwa, na Nelius akatokea ameinama chini ya kizingiti, kisha akajinyoosha mpaka nywele zikagusa boriti. Nelius ni msichana mdogo kuliko wote kundini, mwenye bidii ya ajabu, na kwa miezi alikuwa amewasumbua wote akitaka awe msichana wao wa kwanza kupanda miguu ya miti. Leo alikuwa ameipanda, nyekundu na nyeupe.

"Madam, cheki hii," alisema, uso wote meno. "Nani alisema msichana hawezi? Nimepractice huko ndani wiki mzima, caretaker ananifungulia. Najua si zangu, ni zile za kujifunzia. Nikimaster nitachonga zangu, haki."

Wenzake walipiga makofi. Jawahir alitoa simu kumrekodi, anacheka. Hata Ciakuthii alitabasamu.

Kananu hakutabasamu. Baada ya Embu aliitupa miti hiyo nyuma kabisa ya ghala na kufunga kwa kufuli, akisema ataichoma nayo siku akipata nafasi. Nafasi hiyo hakuitafuta. Sasa aliiona ngozi ya mguu wa kushoto ikiteleza kidogo kidogo kwa kila hatua, na chini yake chuma kikimetameta.

Na hapa sitamficha, kwa kuwa nimeahidi kuwaambia yote. Kananu hakupiga kelele mara moja. Wazo la kwanza lililomjia ni kwamba Nelius ni mwepesi. Ndambiri alikuwa mzito. Huenda mti ukashika. Azunguke mara moja, ashuke, mkataba utiwe sahihi, jioni miti ichomwe. Aliliwaza hilo lote huku akimtazama mtoto wa watu akiinua mguu. Wazo hilo ndilo lililomtia aibu kuliko msumeno, kuliko muguka, kuliko yote.

"Nelius, simama," alisema. Kisha kwa sauti iliyomshtua yeye mwenyewe: "Simama hapo hapo. Shika boriti. Usiweke uzito kwa mguu wa kushoto."

"Nini tena, madam?"

"Shika boriti, mtoto. Muthomi, lete meza."

Muthomi hakuuliza. Aliivuta meza, karatasi na kalamu vikamwagika sakafuni, akapanda na kumshika Nelius kiuno. Wengine walifungua kamba za miguuni. Walipouvuta mguu wa kushoto, mti ulikunjika katikati mikononi mwao. Kipande cha bomba kilichomoka, kikabiringika sakafuni. Jawahir alikisimamisha kwa kiatu.

Nelius alikaa juu ya meza, akakitazama kile kipande.

"Hii ni nini?" Jawahir aliuliza.

Muthomi alipitisha kidole penye alama ya msumeno. Alikuwa anajua kila mti wa kundi hili. "Hii imekatwa," alisema. "Nani alikata?"

Wachezaji walitazamana. Kila mmoja alitikisa kichwa, na mzunguko ukafika kwa Kananu.

"Ni mimi."

"Na ya Ndambiri?"

"Pia nilikata." Alimgeukia Ciakuthii, kwa kuwa hao wengine hakuweza kuwatazama. "Mama, kijana yako hakukosea. Gari halikuwa na nafasi. Nikaenda kwa fundi yeye akiwa kwako. Nikaipaka miti rangi asione. Alipotaka kugonga chini nikamwambia apande tu. Alipoanguka nikachoma mti. Nikasikia wakisema muguka, nikanyamaza. Hata saa hii nimeulizwa nikadanganya, na wewe umekaa hapo."

Ciakuthii aliifunga vizuri leso yake, ingawa haikuwa imefunguka.

"Mimi nilikwambia uchukue lori," Jawahir alisema polepole.

"Uliniambia."

"Lori lilikuwa limesimama tu kwa yadi, Kananu. Halikuwa na kazi."

Maneno hayo hayakuwa na ukali wowote, na Kananu angelipenda yawe nao. Alipoinama kuokota karatasi za mkataba, Jawahir alimtangulia. Alizikusanya, akazipanga, akazitia kwenye mkoba wake.

"Niambie basi," Muthomi alisema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mimi nimemwita Ndambiri mlevi wa muguka mbele ya mamake. Sasa hivi. Na wewe umesimama hapo."

"Nisamehe."

"Mimi nikusamehe nini? Mwenye kusamehe hayuko."

"Niko," sauti ilisema kutoka mlangoni.

Wote waligeuka. Ndambiri alikuwa ameegemea fremu, magongo kwapani, jasho likimtiririka kwa mwendo. Alikuwa amekonda. Haikujulikana amefika lini, ila uso wake haukuwa na mshangao wa mtu aliyesikia jambo jipya.

Alipita katikati ya wenzake, hatua na gongo, hatua na gongo. Alimfikia mama yake, akachukua kamba mkononi mwake. Kisha akaiweka mkononi mwa Kananu.

"Basi huyu si wangu," alisema. "Ni wako."

Kananu aliishika kamba. Ilikuwa na mate ya mbuzi. "Ulijua?"

"Nililala pale chini nikaona chuma. Singejua aje?"

"Na mbona hukusema?"

"Wewe ndiye ulinitoa kwa kuchoma makaa, Kananu. Ulinikatia bima. Mamangu alipolazwa, ni wewe ulikuja, ndugu zangu hawakuja. Nikasema huyu atanipigia simu, aniambie mwenyewe, tuimalize. Nikangoja. Simu ikilia nadhani ni wewe." Alipangusa jasho kwa mkono wa shati. "Nilipochoka kungoja nikasema nilete mbuzi, nione kama utamchukua."

"Ulijua, ukaniacha nije kuomba msamaha ya mtu mwingine?" Ciakuthii alimuuliza mwanawe.

"Pole, mami. Nilikuwa nataka amkatae huyu mbuzi, aseme mwenyewe."

Kananu alikumbuka maneno yake mlangoni. Tufanye wiki ijayo. Nitakutumia gari. Alikuwa tayari kumchukua huyo mbuzi, na kila mtu ukumbini alijua hivyo.

"Sheria ni sheria," Muthomi alisema. "Mbuzi ni wako sasa. Sema, halafu tuone."

Kananu alisimama katikati, mahali ambapo kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusimama, kwa sababu mtayarishaji hukaa pembeni. Mbuzi alisimama naye. Alisema kosa lake tena, safari hii bila gari dogo, bila dereva, bila trafiki. Alisema alikata miti ya Ndambiri kwa sababu aliona aibu kuomba lori. Alipomaliza alisikia jinsi sababu ilivyokuwa ndogo, akalia mbele yao wote bila kujifunika uso.

Ngoma ilikuwa pembeni, juu ya kigoda chake, kijiti kimelazwa juu ya ngozi.

Muthomi alikaa akakunja mikono. Igoki alitazama dirishani. Nelius alikuwa bado juu ya meza, akijikumbatia. Jawahir alisimama, mkoba begani, lakini hakutoka. Ukimya ulikuwa mrefu hata mbuzi akalala.

Kananu alianza kuelewa. Aliivuta kamba ili mbuzi ainuke waende.

Ndipo gongo lilipogonga sakafu. Ndambiri alikuwa anaelekea kwenye ngoma. Alifika, akaegemeza gongo moja ukutani, akachukua kijiti. Aliinua mkono juu ya ngozi, na mkono ukabaki hewani.

"Kabla sijapiga nina kitu kimoja nataka kuuliza," alisema. "Hayo mengine yote umesema. Hii hujasema."

"Uliza."

"Siku ile ulifika wa kwanza. Mimi macho yalikuwa wazi, lakini nataka mamangu asikie kutoka kwako." Alimtazama Kananu, kijiti hewani. "Ulikimbilia mimi, ama ulikimbilia mti?"